Nani Anajizuia Zaidi, Kijana au Mzee? Mjadala wa Utemini

Utemini ni kata ya Manispaa ya Singida, mji wa mawe makubwa, upepo mkavu na maziwa mawili, Singidani na Kindai. Jioni hapa mstaafu wa serikali, mkulima wa alizeti, muuguzi na dereva wa bodaboda hukaa benchi moja, na maneno yakianza hakuna anayeulizwa cheti. Hoja ninayoiweka mezani hurudi kila ugomvi unapotokea mtaani, kila kijana anapomaliza ujira wa wiki kwenye kubeti, kila mzee anapouza shamba bila kumshirikisha mtu. Je, umri ndio unaomfundisha mtu kujizuia, au hisia zikishapanda hakuna mkubwa wala mdogo?

Wasemaji nimewatunga mwenyewe, ndiyo maana hawana majina. Sheria, tafiti na visa vya hadharani wanavyovitaja ni vya kweli. Mzee aliwahi kuwa mjumbe wa baraza la kata. Dereva yuko kijiwe cha bodaboda. Mama analima alizeti nje ya mji na huja mjini kukamua. Muuguzi anahudumia wagonjwa wa presha na kisukari. Mwalimu anafundisha baiolojia sekondari.

MZEE: Nianze mimi, maana hoja inatuhusu. Waliosema utu uzima dawa hawakukosea. Barazani nimesikiliza kesi za kupigana, za kuchomana visu, za mtu kumtukana baba yake mbele ya majirani. Ukimuuliza kijana kwa nini alifanya vile, anakujibu, "Nilipandwa na hasira, mzee." Basi, hana lingine. Mkono ulitangulia, akili ikafuata nyuma ikiokota vipande.

Niwape mfano ambao taifa zima liliushuhudia. Mwezi Machi 2009, Mzee Ali Hassan Mwinyi alikuwa anahutubia Baraza la Maulid katika ukumbi wa Diamond Jubilee, Dar es Salaam. Alikuwa rais mstaafu, mtu wa miaka 83. Akagusia UKIMWI na matumizi ya kondomu. Kijana mmoja akapanda jukwaani, akamzaba kibao. Tazameni watu wawili hao. Mmoja kachukizwa na neno, akashindwa kusubiri hata hotuba iishe. Mwingine kadhalilishwa mbele ya kamera, ana walinzi na dola nyuma yake, naye akatulia, akaendelea na hotuba. Kama hiyo si kazi ya umri, niambieni ni kazi ya nini. Hata Katiba yetu imeona hivyo: mgombea ubunge awe na miaka 21, lakini anayetaka urais lazima awe ametimiza 40.

DEREVA: Mzee wangu, naomba nipinge, na nisionekane nakosa adabu. Mtu mmoja hawezi kuwa ushahidi wa wazee wote. Mimi ndiye ninayewabeba usiku hao watu wazima. Nimembeba baba mwenye wajukuu aliyetoka kumpiga mdogo wake kwa sababu ya mpaka wa shamba, na njia nzima anarudia, "Sijui nini kilinipata." Maneno yaleyale ya vijana wako wa barazani.

Halafu angalia magazeti. Mwizi akiuawa mtaani wanaandika "wananchi wenye hasira kali". Sijawahi kuona wameandika "vijana wenye hasira kali". Kwenye lile kundi kuna vijana, ndiyo, lakini yumo pia baba aliyetoka kazini, na mama aliyeweka chini ndoo yake akaokota jiwe. Kila mmoja wao angekutana na yule mtuhumiwa peke yake saa nne asubuhi, angemkamata na kumpeleka polisi. Umri wao ulikuwa wapi jiwe lilipoondoka mkononi?

MWALIMU: Umesema neno kubwa, "peke yake". Nitalirudia. Kwanza nimuunge mkono mzee kwa upande mmoja. Sehemu ya mbele ya ubongo, hapa nyuma ya paji la uso, ndiyo inayopima matokeo na kuuzuia mkono. Hiyo huendelea kukomaa mpaka katikati ya miaka ya 20. Lakini sehemu zinazosukuma hamu na msisimko huchangamka mapema, tangu balehe. Kwa hiyo kuna miaka kadhaa ambayo msukumo umefika na kizuizi bado kinajengwa. Kazi ya sehemu hiyo ilianza kueleweka kwa ajali. Mwaka 1848, huko Vermont, Marekani, msimamizi wa ujenzi wa reli aliyeitwa Phineas Gage alipenywa kichwani na mtaimbo. Alipona, akatembea, akazungumza, lakini waliomfahamu walieleza kwamba aligeuka mtu wa matusi asiyeshika mpango wowote.

Sasa turudi kwa dereva. Mwaka 2005, Margo Gardner na Laurence Steinberg wa Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, waliwapa watu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, kuamua lini usimame na lini uthubutu. Watoto wa miaka 13 hadi 16 walipocheza wenzao wakiwatazama, uthubutu wao wa hatari ulifika karibu mara mbili. Wenye miaka 24 na zaidi hawakubadilika sana, watazamaji wawepo wasiwepo. Hapo mzee kapata hoja. Lakini tafiti za Steinberg huyohuyo zinaonyesha kwamba kijana wa miaka 16 akiwa ametulia, ana muda wa kufikiri na hana wa kumtia kiburi, hupima mambo karibu sawa na mtu mzima. Upungufu wake unajitokeza pale mambo yanapopamba moto.

DEREVA: Hilo nalijua kwa mwili wangu, mwalimu. Nikiwa peke yangu, mteremko nashuka polepole. Tukitoka kijiweni watatu, pikipiki zinafuatana, naongeza mwendo bila hata kuamua. Hakuna aliyesema tushindane. Ni ile kujua tu kwamba wenzako wapo.

MWALIMU: Na kuhusu Mzee Mwinyi, tumkumbuke kabla hajazeeka. Miaka ya 1970, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, polisi walitesa na kuua watuhumiwa huko Shinyanga na Mwanza. Hakushika fimbo yeye, lakini alijiuzulu. Mtu anayeweza kuachia madaraka akiwa na miaka 51 hakujifunza kujizuia siku alipopigwa kibao. Nadhani pale jukwaani mlimwona mzee, na ndani yake yupo mtu aliyefanya mazoezi nusu karne.

MUUGUZI: Naomba niingie, maana hapa mnataja uzee bila kuusikiliza mwili wa mzee. Nianze na habari njema kwa baba yangu hapa. Mwaka 2020 watafiti wa vyuo vikuu vya Duke na Vanderbilt, Marekani, walichapisha matokeo ya watu zaidi ya 100 wenye miaka 20 hadi 80. Waliwafuata kwa simu mara kadhaa kwa siku, kwa siku kadhaa: sasa hivi unatamani nini, umejizuia au umeshindwa, moyo wako ukoje? Wenye umri mkubwa hawakuyumbayumba kihisia kama vijana, na walifanikiwa zaidi kukataa kile walichokuwa wamedhamiria kukataa. Laura Carstensen wa Stanford amelieleza jambo hilo kwa miaka mingi. Mtu akiona muda uliobaki si mrefu, anachagua watu na mambo yanayompa amani, na ugomvi usio na maana anauacha upite.

MZEE: Unaona sasa.

MUUGUZI: Subiri baba, sijamaliza. Kuna mtafiti mwingine, Susan Charles, ambaye mwaka 2010 alieleza upande wa pili. Mzee ni hodari wa kuepuka moto kabla haujawaka. Lakini ukishawaka, ukamkuta katikati ya ugomvi asioweza kuukimbia, mwili wake unachelewa kupoa kuliko wa kijana. Mapigo ya moyo na presha vinachukua muda kushuka. Ninawaona kliniki. Mtu anafika na karatasi ya miadi, anakaa kitini, nafunga kitambaa cha kipimo mkononi, namba inapanda mpaka namwambia apumzike nimpime tena. Nikiuliza taratibu, naambiwa kulikuwa na maneno nyumbani jana. Jana, si leo asubuhi! Kijana wake waliyetukanana naye ameshasahau, yuko mpirani.

Na kuna jambo zito zaidi. Tangu mwaka 1988 Lynn Hasher na Rose Zacks wametufungua macho kwamba uzee unapunguza uwezo wa ubongo kuzima mawazo yasiyohitajika. Ndiyo maana babu anaweza kutoka nje ya mada, au akatoa neno ambalo zamani angelimeza. Huo ni uzee wa kawaida, hauna aibu. Lakini upo ugonjwa. Kuna aina ya kupotea akili inayoshambulia hiyo sehemu ya mbele aliyoitaja mwalimu, na dalili zake za kwanza mara nyingi si kusahau. Mtu aliyekuwa na staha anaanza matusi, anatapanya pesa, anawashika wanawake ovyo, hasikii huruma. Huko Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee wa miaka 70 na kuendelea, wakakuta asilimia 6.4 wana ugonjwa wa kupotea akili wa aina mbalimbali. Kwa hiyo tusijidanganye kuwa ni ugonjwa wa Wazungu.

Familia inafanya nini? Wanasema kalogwa, au analipiza ubaya wake wa ujanani, au kawa mchawi. Katika nchi ambayo vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, kosa hilo la kutafsiri tabia ya mgonjwa linaweza kumwaga damu. Ninaomba kila mwenye mzazi anisikie: tabia ya mtu wa miaka 60 ikibadilika ghafla, mpelekeni hospitali kabla ya kumpeleka popote pengine.

MZEE: Hilo umenipa, mwanangu. Nimewahi kumwona mtu wa namna hiyo. Tulimtoza faini barazani kwa matusi, tukaona tumemaliza.

MAMA: Mimi nimekaa kimya nawasikiliza. Mnazungumza hasira tu, kana kwamba kushindwa kujizuia ni kupiga na kutukana. Sisi wakulima tunaambiwa kila mwaka kwamba tuna pupa. Njoo nyumbani kwangu msimu wa mavuno uone hiyo pupa inavyofanana.

Alizeti imepigwa, imepepetwa, magunia yako ukutani. Dalali anafika. Hasemi bei kwanza. Anatoa kibunda, anahesabu noti moja moja, anaziweka juu ya gunia. Mtoto wa sekondari karudishwa kwa michango. Dukani nadaiwa. Anataka lumbesa, gunia lishonewe kofia juu, na mimi najua kabisa naibiwa. Najua pia miezi ya mbele bei inaweza kupanda. Lakini pesa ziko pale, zinaonekana. Nauza. Mwezi wa kumi na moja mtaalamu anakuja kutufundisha subira yavuta heri.

Na hao waliovuta subira? Mwanzoni mwa 2023 walikiona. Walikuwa wamefungia magunia wakingoja bei, mafuta ya nje yakajaa sokoni, bei ikaanguka. Wabunge wa mikoa ya alizeti wakapaza sauti bungeni, ushuru wa mafuta ya nje ukapandishwa kwenye bajeti iliyofuata. Aliyesubiri hakurudishiwa chake. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nayo ni methali yetu. Sasa niambieni, mimi niliyeuza mapema na jirani yangu aliyesubiri, nani alikuwa na akili?

MWALIMU: Mama, umelijibu swali ambalo wanasayansi walihangaika nalo miaka mingi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Walter Mischel wa Stanford aliwaweka watoto wadogo mezani na pipi moja laini: ukiila sasa, basi, ukisubiri nirudi, utapata mbili. Ikaja kusemwa kwamba mtoto anayesubiri atafanikiwa maishani na asiyesubiri ana kasoro. Mwaka 2018 jaribio lilirudiwa kwa watoto wengi zaidi, wa hali mbalimbali za maisha. Ulipohesabiwa uwezo wa nyumbani kwao, sehemu kubwa ya tofauti ile ikayeyuka.

Lakini jaribio ninalolipenda ni la Celeste Kidd, Chuo Kikuu cha Rochester, mwaka 2013. Kabla ya pipi, mtu mzima aliwaahidi watoto vifaa vizuri vya kuchorea. Kundi moja alilitimizia ahadi, kundi la pili akalirudia mikono mitupu. Waliotimiziwa walisubiri wastani wa dakika 12. Waliodanganywa walisubiri dakika 3. Hao wa dakika 3 walikuwa wameshamsoma mtu anayewaahidi. Mkulima aliyeumizwa na bei ya 2023 akiuza haraka mwaka unaofuata, msimwite mtu wa pupa.

MAMA: Asante mwalimu. Niliambiwa ni uzembe.

MWALIMU: Na kwa wanaodhani watoto wa Kiafrika hawana subira, kuna jaribio la maeneo ya Wanso, wakulima wa Kameruni. Watoto wao wa miaka 4 walipewa andazi moja na kuahidiwa la pili. Karibu 7 kati ya 10 walisubiri. Watoto wa Kijerumani, chini ya 3 kati ya 10. Miaka 4 tu, mzee! Walikuwa wamelelewa kwenye nyumba ambazo mtoto anafundishwa mapema kutuliza hisia zake na kumngoja mkubwa. Kwa hiyo kujizuia kunaweza kufundishwa muda mrefu kabla ubongo haujakomaa.

MUUGUZI: Nimwongezee mama jambo moja, maana kuna hisia tunayoisahau. Hasira tunaiogopa, huzuni tunaihurumia tu. Mwaka 2013 Jennifer Lerner wa Harvard na wenzake walionyesha kwamba mtu mwenye huzuni anakuwa tayari kupokea kidogo sasa kuliko kungojea kingi baadaye. Hakuna kelele, hakuna aliyepigwa, lakini maamuzi yamepinda.

MAMA: Hilo wanunuzi wa mashamba wanalijua bila kusoma. Ndiyo maana kuna wanaofika kabla matanga hayajaanuliwa. Mjane hajakauka machozi, ameshawekewa karatasi asaini.

DEREVA: Na hofu je? Mama yangu mdogo alipigiwa simu: "Mwanao amepata ajali, daktari anataka pesa sasa hivi, tuma kwenye namba hii." Akatuma. Mwanawe alikuwa shambani mzima wa afya. Mtu mzima yule, mwenye akili zake, hajawahi kunikopesha mimi bila maswali kumi. Matapeli hawamtafuti mjinga. Wanachokitafuta ni upendo wa mzazi, kisha wanamnyima dakika mbili za kufikiri.

Kwetu vijana wanatumia kitu kingine. Mechi imeisha usiku, timu moja imekuangusha, mkeka wako wa kubeti umechanika. Ungelala, asubuhi ungecheka. Lakini simu iko mkononi, kuna mechi nyingine inaanza bara jingine, na una uchungu. Unaweka tena hapohapo kuifukuza hela iliyopotea. Sheria ya michezo ya kubahatisha inamkataza aliye chini ya miaka 18, sawa. Siku ukifikisha 18, nani anakukinga na saa sita ya usiku?

MZEE: Kijana, umenifanya nirudi nyuma. Niseme ukweli wangu. Hasira haikuniondoka uzeeni. Bado ipo, naijua inakokaa. Kuna ndugu yangu ambaye nikikutana naye shambani peke yetu, tutashikana. Kwa hiyo siendi shambani siku ninayojua yupo, mpaka niwe na mtu wa tatu. Watu wanasema, "Mzee kapoa." Sikupoa. Nimejifunza kupita njia nyingine.

DEREVA: Basi hiyo ndiyo lugha yetu ya barabarani, mzee wangu! Breki nzuri haimwokoi anayeingia kona na mwendo wa 80. Anayefika salama ni yule aliyepunguza kabla ya kona. Tungefundishwa hivyo tangu mwanzo, badala ya kuambiwa tu "acheni hasira"!

MZEE: Na sisi barazani tulikuwa tunafanya hivyo bila kukipa jina. Watu wakija mishipa imewatoka shingoni, hatuamui. Tunawapa siku, tunawaambia warudi na wazee wao.

MWALIMU: Sheria zetu zimejaa hekima hiyo. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 201, inasema aliyeua katika hasira iliyowashwa ghafla na uchokozi, kabla haijapata muda wa kupoa, hatahukumiwa kuwa ameua kwa kukusudia. Haikuuliza ana miaka 20 au 70. Imekubali kwamba mtu wa kawaida anaweza kuzidiwa, ikamhukumu kwa kosa dogo zaidi, lakini bado ikamhukumu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka watu wanaotaka kuoana watoe taarifa siku 21 kabla, na wanaotaka kuachana wapitie kwanza baraza la usuluhishi. Tangu marekebisho ya 2021, mabaraza ya kata hayaamui tena kesi za ardhi, yanasuluhisha, na usuluhishi umewekewa siku 30. Siku hizo watu huziona urasimu. Nadhani ni muda ambao taifa limeutenga ili damu ipoe.

MAMA: Sisi kwenye VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, tuna sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa akina mama watatu. Si kwamba hatuaminiani. Mimi mwenyewe sijiamini siku mtoto akiugua au dalali akija na kibunda. Pesa ikiwa mkononi mwangu nitaigusa. Ikiwa sandukuni, lazima niwafuate wenzangu wawili, niwaeleze, na njiani nimeshafikiri. Tuna wasichana wa miaka 22 humo na bibi wa 70, wote sanduku ni moja.

MUUGUZI: Na inafanya kazi. Magharibi mwa Kenya, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwapa watu kisanduku cha kuwekea pesa za afya, chenye kufuli, ufunguo wakaachiwa wenyewe. Utafiti ukachapishwa mwaka 2013. Kisanduku hicho tu kiliongeza pesa walizotumia kununua vitu vya kukinga afya zao. Ukisema pesa hii ina kazi yake, na ina mahali pake, hata ombi la shemeji unalijibu kwa urahisi.

Hapo wasemaji wangu wanafikia kikomo, nami nina wajibu wa kusema ninasimama wapi.

Sisimami na hoja ya mzee kama alivyoianza. Umri peke yake haumfundishi mtu kitu. Unampa nafasi nyingi za kuumia, na wapo walioumia miaka 60 bila kujifunza. Wala sisimami na dereva kwamba wote ni sawa. Ubongo wa kijana wa miaka 17 mbele ya wenzake unazidiwa kwa namna ambayo wa baba yake hauzidiwi, na anayepanga sheria za barabara, za shule au za kubeti akijifanya halijui hilo anawatupa watoto wa watu. Ninachokiona baada ya kuwapa nafasi hawa watano ni kwamba tumekuwa tukimsifu mzee kwa jambo ambalo si lake. Tunasifu nguvu ya kupambana na hisia, kumbe kinachomwokoa ni kukwepa mapambano yenyewe. Amejua saa zake mbaya, watu wake wabaya, mahali pake pabaya, akajipanga mapema. Nguvu ile ya kupambana ndiyo hasa inayopungua na umri, na hisia ikishamkamata inamtesa kuliko mwanawe.

Kama hivyo ndivyo, basi siri hiyo haihitaji mvi. Kijana wa Utemini anaweza kuambiwa leo, na akaelewa leo: usiweke pesa kwenye simu ile unayobetia, usijibu ujumbe uliokukasirisha usiku uleule, ukitoka kijiweni na wenzako, mwache mmoja atangulie, ukiitwa kwenye kelele za mwizi, piga simu polisi kabla hujafika kwenye kundi, kwa sababu ukishafika hutakuwa wewe. Shule zinazofundisha ubongo kwenye baiolojia ziufundishe hivyo, kwa mifano ya mtaani, na mtoto aondoke akijua lini ubongo wake mwenyewe unamponyoka.

Kwa wazee, tuache kuwawekea mzigo wa hekima isiyochoka. Familia ikubaliane mapema kwamba hakuna shamba linalouzwa wakati wa msiba, hakuna pesa inayotumwa kwa simu ya ghafla mpaka mtu wa pili ameulizwa, na kwamba mzee aliyebadilika tabia apelekwe kupimwa bila kusemwa vibaya. Mzee anayeombwa asubiri mpaka kesho hakuvunjiwa heshima. Amepewa alichowapa wengine barazani miaka yote.

Na kwa wenye mamlaka juu ya bei, mikopo na ahadi, mama wa alizeti ameshasema. Subira ya mkulima hujengwa na ahadi zinazotimizwa. Ukiibomoa kwa msimu mmoja, usije na semina ya kumfundisha kujizuia. Mfundishe kwa kumtimizia, msimu huu na unaofuata, mpaka aone mwenyewe kwamba kungoja kunalipa.

Hasira hasara, tumekariri tangu utotoni, na methali hiyo haijaweka umri wa mtu. Kinachobaki ni kuacha kuwaambia vijana "mtakua tu", kana kwamba miaka itawafanyia kazi hiyo wamelala. Tuwaonyeshe sasa jinsi ya kupanga maisha ili saa mbaya isiwakute peke yao, na tujipange wenyewe vivyo hivyo, kwa sababu saa hiyo inamfikia kila mtu, wa miaka 17 na wa miaka 83.